Uchambuzi wa kisa: Maji yalivyotoweka kwenye kioo gari la mvuke likiteremka kilima

Kwa nini kisa hiki

Mwaka 1962 Uingereza ilitoa filamu ya mapenzi na vichekesho iitwayo The Iron Maiden, iliyoongozwa na Gerald Thomas na kutayarishwa na Peter Rogers. Michael Craig anaigiza msanifu wa ndege ambaye moyo wake wote uko kwenye gari kuukuu la mvuke. Binti wa tajiri wa Kimarekani analiharibu gari hilo kiasi kwamba mtu mmoja hawezi tena kuliendesha peke yake. Msaidizi anaumia, siku ya maonyesho ya Woburn Abbey inakaribia, na mwishowe ni yule tajiri mwenyewe, aliyekuja kutazama ndege, anayepanda gari na kushika kazi. Gari lililotumika ni la kweli: Fowler namba 15657, lililoundwa Leeds mwaka 1920, la aina iliyokuwa ikivuta bembea na mahema ya burudani toka mji mmoja hadi mwingine na kuyawashia taa kwa dainamo.

Kisa kinachochambuliwa hapa kina mwanzo uleule: msaidizi kaumia asubuhi ya safari, mgeni mwenye moyo mzuri akapanda mahali pake. Tofauti ni kwamba hapa palikuwa na kilima, boila yenye shinikizo, na kioo cha maji, yaani mrija wa kioo unaoonyesha kiwango cha maji boilani, ambacho hakuna aliyekisoma vibaya na bado kikawapotosha wote wawili. Majina, mahali, mwaka na alama zote za gari vimeondolewa. Vipimo vya maji ni vya gari hili na kilima hiki. Boila nyingine itatoa tarakimu nyingine, lakini mwenendo wa maji ndani yake hautabadilika.

Gari na kazi zake

Ni gari la mvuke la barabarani la tani 14 hivi, lenye gia tatu, boila ya aina ya kichwa cha treni, na shinikizo la kazi la PSI 180 (ratili 180 kwa kila inchi ya mraba), yaani kama bar 12. Tanuri liko nyuma, chini ya pua za wale wanaoendesha. Moshi na joto hupita ndani ya mirija iliyozungukwa na maji kuelekea mbele, kwenye chemba ya moshi na dohani. Silinda ziko juu ya boila upande wa mbele, ekseli ya mkono, ile inayozungushwa na pistoni, iko juu ya tanuri. Mpangilio huu ndio unaoamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Sehemu ya kuogopwa ni dari la tanuri. Upande wake wa chini unapigwa na moto unaozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Upande wa juu una maji ya nyuzi 193 hivi, ambayo ndiyo joto la kuchemkia kwenye shinikizo hilo. Maji yakiwepo, bati la dari hubaki na joto linalokaribiana na la maji. Yakiondoka, bati hupanda kuelekea nyuzi 500 na zaidi kwa muda mfupi, chuma kinapoteza nguvu, na PSI 180 zinalisukuma chini. Kwa sababu hiyo darini hufungwa plagi ya shaba yenye kiini cha madini ya risasi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Ikiyeyuka, mvuke na maji hufumuka ndani ya tanuri, moto unadhoofika na kila aliye karibu anajua. Katika gari hili plagi iko sentimita 30 kutoka ukingo wa nyuma wa dari, na kichwa chake kinachomoza milimita 15 juu ya bati, ili kiwe cha kwanza kukauka.

Maji huingia boilani kwa njia mbili. Pampu huendeshwa na ekseli ya injini, kwa hiyo haifanyi kazi injini ikiwa imesimama. Injekta hutumia mvuke wa boila yenyewe kusukuma maji ndani, na hufanya kazi hata gari likiwa limesimama, ila haipendi maji ya moto: yakishapata uvuguvugu mkali kwenye tangi, hushindwa kushika na kuyatema nje kwenye bomba lake la ziada.

Kazi za watu ni mbili. Dereva anashika regyuleta (vali inayopeleka mvuke kwenye silinda), wenzo wa kugeuzia mwendo, moto na maji. Mshika usukani anazungusha gurudumu linalovuta minyororo ya ekseli ya mbele; minyororo ina ulegevu, na kona ya kawaida hudai mizunguko mingi iliyoanzwa mapema. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1865 ilidai watu watatu kwa magari haya, mmoja akitangulia kwa miguu na bendera nyekundu. Sheria ile iliondoka zamani, lakini hata leo wanaojua kazi hawampakii mtu wa pili kama pambo. Mshika usukani mzoefu hutazama barabara kwa jicho moja na kioo cha maji kwa jingine, na hupiga kelele kabla hajaulizwa.

Asubuhi ya safari

Safari ilikuwa kilomita 19, kutoka banda la gari hadi uwanja wa maonyesho ya wikendi, kusini mwa Uingereza, siku ya joto. Moto uliwashwa saa 11 alfajiri, na gari la mvuke la ukubwa huu huchukua saa tatu hivi kupata mvuke bila kuharakishwa. Plagi ilikuwa mpya msimu huo. Cheti cha ukaguzi wa boila, ambao Uingereza hufanywa chini ya kanuni za mifumo ya shinikizo za mwaka 2000, kilikuwa hai. Kwa upande wa chuma hakukuwa na la kulaumu.

Saa 1 asubuhi mshika usukani wa kawaida aliteguka kifundo cha mkono akipakia makaa ya mawe. Palikuwa na njia tatu: kuahirisha hadi mchana apatikane mwingine, kukodi lori la kubeba mitambo, au kumpandisha mgeni aliyekuwepo. Mgeni alikuwa ameshawahi kushika usukani wa gari hilo kwenye shamba tambarare, na alikuwa hodari. Lori lilikuwa na gharama, na kusubiri kungewafikisha baada ya lango la uwanja kufungwa kwa magari makubwa. Dereva akamchagua mgeni, akamfundisha kwa nusu saa: mizunguko ya usukani, ishara za mikono, mahali pa kusimama mguu usichomwe, na jinsi ya kusoma kioo. Alimwambia: chini ya robo, niambie. Hakumwambia kwamba robo ya kwenye tambarare si robo ya kwenye kilima.

Waliondoka wakiwa wamechelewa kwa dakika 50.

Kituo cha maji kilichorukwa

Mpango ulikuwa kusimama kwenye kilomita ya 9, ambako gari dogo la kusindikiza lingejaza matangi kwa pampu ya mkono. Matangi yalibeba lita 900. Gari lilikuwa likitumia kama lita 40 kwa kilomita, kwa hiyo pale yalibaki zaidi ya lita 500. Dereva aliona yanatosha kufika, akapita ili kufidia muda.

Kwa hesabu ya lita peke yake hakukosea. Lakini kituo cha maji hakiwi kwa ajili ya lita tu. Ni mahali pa kupoza tangi kwa maji mapya, kusafisha moto, kutia mafuta, na kumpumzisha mtu wa usukani. Vali ya mvuke ya injekta ilikuwa ikivuja kidogo, na kila kilomita mvuke ule ulikuwa ukiyapasha moto maji yaliyozidi kupungua. Lita 360 hivi za maji baridi zilizoongezwa zingelituliza tangi zima.

Kupanda

Kilima kilianzia kilomita ya 13: mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12, wenye urefu wa karibu kilomita moja. Dereva alisimama chini yake, akatupia makaa ya kutosha kupandia, akafungua mlango wa hewa wa chini na kuingiza gia ya kati. Kioo kilionyesha nusu. Hii ilikuwa nafasi nzuri ya kujaza hadi robo tatu kabla ya kupanda, na alianza kufanya hivyo kwa pampu akiwa mwendoni. Katikati ya mlima shinikizo lilishuka hadi PSI 150, kwa sababu maji ya tangini ni baridi kuliko ya boila hata yakiwa vuguvugu. Akaifunga pampu ili mvuke urudi.

Ni uamuzi ambao madereva wengi hufanya, na mara nyingi hauna madhara. Mvuke ni kitu unachokihisi hapo hapo, gari linapopoteza nguvu. Upungufu wa maji huja kudai baadaye. Shinikizo lilipanda tena, gari likavuta, na kioo kikawa kinaonyesha karibu kujaa. Dereva aliona vyote viwili kwa pamoja, mvuke mwingi na kioo kilichojaa, akatulia.

Dakika kumi karibu na kilele

Mita chache kabla ya kilele foleni ya magari ilikuwa imesimama nyuma ya tela la farasi lililokwama. Gari la mvuke likasimama likiwa bado limeinua pua. Dereva akashuka, akaweka vizuizi vya mbao nyuma ya magurudumu makubwa, akatumia muda huo kuhamisha gia hadi ya chini kabisa kwa ajili ya mteremko. Hili alilifanya kwa usahihi. Gia za magari haya husogezwa kwa mkono injini ikiwa imesimama. Anayejaribu kuzibadilisha katikati ya mteremko hubaki na tani 14 zisizoshikwa na kitu ila breki ya mkono.

Lakini moto ulikuwa bado ule wa kupandia, mwekundu na mnene. Gari likiwa halitumii mvuke, vali za usalama zikafunguka na kunguruma. Alijaribu injekta ili kuingiza maji na kuzinyamazisha. Ikatema maji nje, haikushika. Akaifunga, akipanga kutumia pampu wakianza kwenda.

Akiwa chini kwenye vizuizi aliuliza juu: "Maji?"

Mgeni akatazama, akajibu: "Robo tatu."

Lilikuwa jibu sahihi la kile kioo kilichoonyesha.

Foleni ikaondoka. Kileleni palikuwa na tambarare ya kama mita 40. Waliivuka kwa gia ya chini, chini ya dakika moja. Dereva alikuwa akitazama magari ya mbele na kupanga mkono wake kwenye wenzo wa kugeuzia. Mgeni alikuwa akizungusha usukani kuelekeza gurudumu la mbele kwenye kona inayoanzia mteremko. Hakuna aliyekitazama kioo.

Kuteremka

Mteremko ulikuwa 1 kwa 10. Gari hili halishikwi na breki pekee; dereva huurudisha wenzo karibu na katikati au upande wa nyuma na kuiacha injini yenyewe iwe kizuizi, huku regyuleta ikiwa imefunguliwa kidogo sana. Mwendo ulikuwa kama kilomita 3 kwa saa, mita 50 kwa dakika.

Pua ilipoinama, dereva aliyaona maji yakishuka kwenye mrija wa kioo, yakacheza juu ya nati ya chini, kisha yakapotea. Aliona yakipotea, na jambo hili lilikuja kuwa muhimu sana: alijua saa ilianza kuhesabu lini.

Alifanya mambo matatu kwa mpangilio huu. Alifunga mlango wa tanuri, ambao ulikuwa wazi kidogo, na kuutia komeo. Akafunga mlango wa hewa wa chini. Kisha akamwelekeza mgeni kwenye mdomo wa lango la shamba, mita 60 mbele upande wa kushoto, ambako barabara hulainika na kuwa karibu tambarare. Hakugusa injekta, na aliifungua njia ya kurudisha maji ya pampu ili pampu isisukume kitu boilani.

Walikuwa hawajafika pale plagi ilipoyeyuka. Mngurumo mkubwa ndani ya tanuri, moshi mweupe ukitoka dohani, mvuke na majivu vikifumka chini ya gari. Komeo la mlango likashika. Kama mlango ungekuwa wazi, mvuke ule ungewatokea wote wawili mapajani na tumboni, bila mahali pa kukimbilia.

Mgeni hakuachia usukani. Alianza kuzungusha mapema kama alivyofundishwa, mizunguko yote iliyohitajika, gari likaingia mdomo wa lango na kusimama. Breki ya mkono, vizuizi mbele na nyuma, kisha wote wakashuka na kuwasogeza watu mbali, hakuna aliyeruhusiwa kusogea kupiga picha. Waliliacha lipoe lenyewe. Hakuna aliyechokonoa moto, kwa sababu kuuvuruga moto kunauongezea joto kwa muda kabla haujafa. Hakuna aliyemwaga maji tanurini. Lori lililibeba kesho yake.

Matokeo

Hakuna aliyeumia. Mkaguzi aliingia tanurini boila ilipopoa kabisa. Aliligonga dari kwa nyundo akisikiliza stei (vyuma vinavyolishikilia dari) moja baada ya nyingine, akaweka rula ndefu kutafuta mahali palipobonyea, akatazama rangi ya bati. Dari halikuwa limebonyea wala kubadilika rangi. Stei mbili za safu ya nyuma zilikuwa zikivuja kidogo kwenye ncha, na mirija michache ilihitaji kukazwa. Plagi ilibadilishwa, stei zikarekebishwa, boila ikapimwa kwa maji baridi yenye shinikizo kubwa kuliko la kazi, kisha kwa mvuke. Maonyesho yalipita bila gari hilo.

Plagi iliyoyeyuka ilikatwa na kutazamwa: risasi ilikuwa safi, bila tabaka la chokaa juu yake. Ndiyo maana iliyeyuka upesi. Plagi iliyoachwa misimu kadhaa hujifunika gamba la chokaa na mchanganyiko wa madini, na gamba hilo linaweza kubaki limeziba tundu hata risasi ikiwa imeyeyuka chini yake.

Hesabu ya kioo

Kiini cha kisa chote kiko hapa, na kinafaa kupigiwa hesabu polepole.

Uso wa maji boilani hubaki mlalo, boila ndiyo inayoinama. Katikati ya uso huo kiwango hakibadiliki. Mbali na katikati kinabadilika kadiri ya umbali na mwinamo. Katika gari hili kioo kiko nyuma kabisa, mita 1.2 kutoka katikati ya uso wa maji. Ukingo wa nyuma wa dari la tanuri uko karibu umbali huohuo.

Kwenye mwinuko wa 1 kwa 12, mita 1.2 hugeuka kuwa milimita 100. Maji hukimbilia nyuma, na kioo husoma milimita 100 zaidi ya ukweli wa tambarare. Kwenye mteremko wa 1 kwa 10, umbali huohuo ni milimita 120, na kioo husoma pungufu kwa kiasi hicho. Kutoka kupanda hadi kuteremka, bila tone moja kutumika, maji kwenye kioo husogea milimita 220. Urefu unaoonekana wa mrija ni milimita 180. Kwa maneno mengine, kwenye kilima hiki kioo kinaweza kutoka kujaa hadi kuwa kitupu na bado boila ikawa na kiasi kilekile cha maji.

Sasa tarakimu za siku ile. Mwisho wa kupanda kioo kilisoma milimita 160, karibu kujaa. Kwa tambarare hiyo ni 60, yaani theluthi. Dakika kumi za vali za usalama zilipoteza takriban lita 45, na kwa upana wa uso wa maji wa boila hii hizo ni milimita 25. Kioo kikasoma 135, ile robo tatu aliyoitamka mgeni. Kwa tambarare ni 35, chini ya robo. Mteremkoni, 35 ukiondoa 120 ni milimita 85 chini ya mwanzo wa kioo. Dari la tanuri liko milimita 65 chini ya mwanzo wa kioo. Ukingo wa nyuma wa dari ulikuwa umetoka majini kwa milimita 20.

Plagi, ikiwa sentimita 30 mbele ya ukingo huo, ilikuwa na bahati ya kati: bati linaloizunguka lilikuwa bado na milimita 10 za maji, lakini kichwa chake kinachomoza 15. Kilikuwa nje kwa milimita 5. Plagi ikayeyuka wakati sehemu kubwa ya dari ingali imelowa. Hicho ndicho kilichowaokolea boila, na hakikuwa na uhusiano wowote na mtu aliyekuwa juu ya gari siku ile. Ni kazi ya aliyechora plagi na aliyeibadilisha mwanzo wa msimu.

Mtu anaweza kusema dawa ni kuijaza boila hadi juu kabla ya kila kilima. Siyo. Silinda ziko mbele. Boila iliyojaa kupita kiasi ikiinama mbele hupeleka maji kwenye silinda pamoja na mvuke. Maji hayabaniki; pistoni ikiyakuta inaweza kuvunja kifuniko cha silinda, na dereva hupoteza injini ambayo ndiyo breki yake. Kipimo kinachofaa ni kile kinachoacha dari limefunikwa mteremkoni na silinda zikiwa kavu, na kwa gari hili na kilima hiki ni kati ya nusu na robo tatu, kikisomwa kwenye tambarare.

Uamuzi wa mita 60

Baada ya tukio ulizuka ubishi kama dereva alipaswa kusimama palepale mteremkoni. Pande zote mbili zina hoja, na jibu linategemea muda.

Kusimama kungeliacha dari kavu juu ya moto mkali, kwa sababu pua ingebaki chini. Kwenda hadi tambarare kungerudisha maji juu yake. Lakini bati likiwa limeshapata joto kali, maji yanayorudi ndiyo hatari kubwa kuliko zote: hugeuka mvuke kwa ghafla juu ya chuma kilicholegea. Tarehe 29 Julai 2001, huko Medina, jimbo la Ohio, Marekani, boila ya gari kuukuu la mvuke ililipuka kwenye viwanja vya maonyesho na kuua watu watano. Maji yalikuwa yameshuka chini ya dari la tanuri, na boila yenyewe ilikuwa imeliwa na kutu. Kwa hiyo kanuni inayofundishwa ni hii: usipojua maji yameondoka lini, usiongeze maji, usilisogeze gari, ua moto na uondoe watu.

Dereva wa kisa hiki alijua. Aliyaona yakipotea, na mita 60 ni dakika moja na sekunde chache. Kwa muda huo, mlango wa hewa ukiwa umefungwa, uamuzi wa kwenda ulikuwa sahihi. Angekuwa ametazama kioo na kukikuta kitupu tu, bila kujua tangu lini, uamuzi uleule ungekuwa kosa kubwa.

Palipoharibika

Kosa halikutokea mteremkoni. Lilianza kwenye kilomita ya 9 na likakua kwa hatua ndogo, kila moja ikiwa na sababu yake: tangi lisilojazwa, injekta inayovuja, pampu iliyofungwa katikati ya mlima, moto mzito uliofika kileleni ukiwa bado mbichi. Moto wa kilima hupangwa uwe umekwisha kabla ya kilele, si baada yake. Theluthi ya mwisho ya kupanda haihitaji kutupiwa makaa. Gari hupanda kwa joto lililokwisha kuhifadhiwa kwenye maji, na dereva hufika juu na moto mwembamba usiofungua vali.

Mgeni alifanya kila alichoambiwa. Tatizo lilikuwa swali. "Maji?" ni swali la watu wawili wanaofahamiana kwa miaka, ambao wote wanajua gari limeinamia wapi. Kwa mgeni ilipasa kuwa: "Tukifika tambarare, simamisha macho kwenye kioo uniambie." Na dereva alipaswa kusimama kwenye zile mita 40. Zilikuwa mahali pekee kati ya kupanda na kuteremka ambapo kioo kingesema kweli, milimita 35 bila kificho. Pale pale angeweza kuweka vizuizi, kuitoa gia, kuiendesha injini bila mzigo ili pampu iongeze maji, na kuendelea baada ya dakika chache.

Yaliyofanyika vyema yatajwe pia kwa usawa: gia iliingizwa kabla ya mteremko, mlango wa tanuri ulifungwa kabla ya jambo lingine lolote, injekta haikuguswa, watu walisogezwa, na mafunzo ya nusu saa ya usukani yalikuwa mazuri kiasi cha kumfikisha mgeni langoni katikati ya mngurumo ule.

Kilichobadilishwa

Vali ya injekta ilisagwa upya ikaziba. Nyuma ya kioo kuliwekwa kibao cha shaba chenye mistari mitatu: kiwango cha chini kabisa kwa tambarare, kwa kupanda 1 kwa 12, na kwa kuteremka 1 kwa 10. Mstari wa kuteremka haupo kwenye kioo, uko chini yake, ukiwa na maandishi yanayosema kwamba kwenye mwinamo huo kioo kitupu hakimaanishi boila tupu, ila hakuna ruhusa ya kuuanza mteremko kabla ya kusoma nusu kwenye tambarare. Mistari ilipatikana kwa kulipandisha gari lililopoa kwenye mbao za pembe inayojulikana na kupima kwa maji baridi, kazi ya alasiri moja kwa watu wawili.

Karatasi ya safari sasa huandikwa vilima kabla ya kilomita: mahali pa tambarare pa kusimama juu ya kila kimoja, na pale pasipo na tambarare, njia nyingine au lori. Kituo cha maji hakirukwi kwa sababu ya saa. Na mtu mpya hapandi safari yenye mteremko mkali zaidi ya 1 kwa 15 mpaka awe ameketi na kibao kile, gari likiwa baridi, na kueleza kwa kinywa chake kioo kitafanya nini pua ikiinuka na ikiinama.